Mashua Ikilala Upande, Mstari wa Maji Unapita Wapi?

Unapanga kuunda mashua ya tanga? Usiishie kuichora ikiwa wima. Upepo ukishika tanga, mashua inalala, na tumbo linaloingia majini linakuwa na umbo jingine kabisa. Lione umbo hilo kabla hujapasua ubao.

Chonga modeli ya 1 kwa 10. Mashua ya mita 7 inakuwa sentimita 70. Ipake vanishi isinywe maji.

Uzito usiukadirie. Urefu ukigawanywa kwa 10, uzito unagawanywa kwa 1,000. Kwa hiyo mashua ya kilo 2,000, pamoja na watu, mizigo na farumi, inakuwa kilo 2. Ila maji ya bomba ni mepesi kuliko ya bahari, basi punguza hadi kilo 1.95 ili modeli izame kina kinachotakiwa. Weka kila kitu kwenye mizani ya jikoni: modeli, vijiwe vya kujazia uzito, kijiti, hata timazi.

Timazi yenyewe ni uzi na nati. Itundike kwenye kijiti kilichosimama katikati ya modeli, na nyuma yake bandika kadi yenye alama za digrii 0, 10, 20 na 30.

Sasa ielee kwenye beseni kubwa, uilaze. Usiikandamize kwa kidole! Ukikandamiza umeongeza uzito, na mstari utakaoupata ni wa mashua nyingine. Sogeza vijiwe kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa upana tu, bila kuvipeleka omo wala tezi. Uzi ukifika 10, subiri maji yatulie. Tia nukta usawa wa maji, kila penye taruma, pande zote mbili. Rudia kwa 20 na 30, kila pembe uipe rangi yake, kisha itoe modeli, ikaushe, uunganishe nukta.

Unatumia kompyuta, tuseme DELFTship? Sheria haibadiliki. Ukishaizungusha bodi, ipandishe au ishushe mpaka ujazo ulio chini ya maji urudi mita za ujazo 1.95. Wengi huchora tu mstari wa mshazari kupitia katikati. Kwa pembe kubwa mstari huo unadanganya.

Ili uone umbo vizuri, pindua modeli kifudifudi, iegemeze hadi mstari wa digrii 20 ulingane na meza, kisha tazama kutoka juu. Utakuta umepinda kama ndizi. Angalia ncha zake. Mashua yenye tezi pana mara nyingi huinua tezi na kuzamisha omo; ikilala hivyo huvuta kuelekea joshini, na nahodha anashindana na usukani safari nzima. Ukiona hivyo, punguza upana wa tezi sasa, kwa randa na msasa.

Mwisho, tazama ukingo. Kwa mashua isiyo na sitaha, ukingo ukigusa maji, yanaingia. Ukigusa kabla ya digrii 20, mimi nisingeiunda hivyo. Ongeza ubao mmoja juu, ipime upya, irudishe majini.