Msomaji Kama Hakimu: Maoni ya Wasomaji Kuhusu Misururu ya Riwaya za Kifantasia na za Kisayansi

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ulimkalisha mwandishi kitini na kumwacha msomaji mlangoni. Mwanafunzi alifunzwa kuuliza mwandishi alikusudia nini, au matini yenyewe imejengwaje. Ni nadra alipoulizwa wasomaji waliipokeaje kazi hiyo na kwa nini. Upungufu huu hudhihirika zaidi katika misururu ya riwaya za kifantasia na za kisayansi. Hizi ni kazi ambazo hutoka juzuu baada ya juzuu, pengine kwa miaka ishirini au zaidi, na kila juzuu huwakuta wasomaji wakiwa wamekwisha kutoa hukumu juu ya lile lililotangulia.

Makala haya yanachunguza vigezo ambavyo wasomaji huvitumia kuipima misururu ya aina hii. Mfano mkuu ni Dune, msururu wa Mmarekani Frank Herbert. Baada ya hapo, makala yanarejea katika fasihi ya Kiswahili ili kuonyesha kwamba suala hili si geni kwetu. Hoja inayotetewa ni kwamba maoni ya msomaji ni ushahidi wa kihakiki unaostahili kuchunguzwa, ijapokuwa si amri ambayo mwandishi analazimika kuitii.

2. Msingi wa Nadharia

Nadharia ya upokezi iliasisiwa katika Chuo Kikuu cha Konstanz, nchini Ujerumani, katika miaka ya 1960. Mmoja wa waasisi wake, Hans Robert Jauss, alieleza mwaka 1967 kwamba kila msomaji huiendea kazi akiwa na upeo wa matarajio. Upeo huo huundwa na kazi alizozisoma awali, kaida za utanzu na maisha ya jamii yake. Kazi inaweza kuutimiza upeo huo, kuupanua au kuuvunja. Mwenzake, Wolfgang Iser, alisisitiza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa kutumia tajiriba na mawazo yake.

Mihimili hii miwili inaufaa msururu kuliko riwaya moja iliyojitosheleza. Kwanza, juzuu la kwanza lenyewe ndilo hujenga upeo ambao juzuu la pili litapimwa kwao. Pili, kati ya juzuu na juzuu kuna pengo la miaka. Katika muda huo msomaji hakai bure: humwazia shujaa hatima, humwozesha, humtawaza na kumlipizia kisasi. Juzuu jipya litokapo, hukutana na riwaya nyingine ambayo msomaji amekwisha kujiandikia akilini. Malalamiko mengi kwamba mwandishi ameharibu hadithi huzuka kutokana na mgongano wa riwaya hizi mbili.

3. Sauti ya Msomaji Katika Historia ya Utanzu

Ni tanzu chache ambazo zimempa msomaji nafasi kubwa kama bunilizi ya kisayansi. Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories nchini Marekani mwaka 1926, kisha akatenga kurasa za barua za wasomaji. Barua hizo zilichapishwa pamoja na anwani za waandishi wake. Matokeo yake ni kwamba wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao, wakaunda vyama na hatimaye wakaitisha makongamano. Kongamano la kwanza lililojiita la dunia lilifanyika New York mwaka 1939. Tangu mwaka 1953 makongamano hayo yametoa Tuzo za Hugo, ambazo washindi wake huchaguliwa kwa kura za wanachama wenyewe, si na jopo la wataalamu.

Mwaka 1966, katika kongamano la Cleveland, wanachama waliombwa kuchagua msururu bora wa nyakati zote. Waliopambana ni Foundation wa Isaac Asimov, The Lord of the Rings wa J.R.R. Tolkien, Lensman wa E.E. Smith, Barsoom wa Edgar Rice Burroughs, na Future History wa Robert Heinlein. Asimov alishinda. Miaka 37 baadaye, mwaka 2003, shirika la utangazaji la BBC liliwaomba wananchi wa Uingereza wakichague kitabu wakipendacho zaidi. Safari hii kazi ya Tolkien ndiyo iliyotwaa nafasi ya kwanza. Katika nafasi tano za juu, ni Pride and Prejudice ya Jane Austen pekee ambayo haikuwa ya kifantasia wala ya kisayansi.

Je, kura ipi ilikuwa sahihi? Kwa mujibu wa Jauss, swali hilo halina maana. Wapiga kura wa mwaka 1966 walikuwa wamelelewa na majarida ya sayansi. Hadithi za Foundation zilianza kuchapishwa jaridani mwaka 1942, na wazo lake kwamba mwendo wa jamii nzima unaweza kukokotolewa kihesabu lilioana na imani yao katika sayansi. Wapiga kura wa mwaka 2003 walikuwa umma mpana zaidi, na filamu za The Lord of the Rings zilikuwa zimeanza kuonyeshwa tangu mwaka 2001. Vitabu havikubadilika, upeo wa matarajio ndio uliobadilika.

4. Vigezo vya Hukumu

Licha ya tofauti za nyakati, kuna vigezo vitatu ambavyo hujitokeza mara kwa mara.

(a) Uaminikaji. Msomaji wa fantasia haudai uhalisi. Anadai uthabiti wa kanuni. Yuko tayari kukubali kwamba joka huruka, lakini hatakubali kwamba joka lililochoka jana kwa safari ya siku moja livuke bahari leo kwa saa moja bila ya sababu. Sheria za ulimwengu wa kubuni zikishawekwa, humfunga mwandishi kama zinavyomfunga mhusika.

(b) Ukuaji. Msomaji anayemfuata mhusika katika juzuu saba hutaka kumwona akibadilika. Vitabu saba vya Harry Potter vya J.K. Rowling, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007, vilimkuza shujaa wake mwaka baada ya mwaka. Watoto walioanza kuvisoma vilipotoka walikua pamoja naye. Kinyume cha hayo ni msururu ambao kila juzuu hurudia tukio lilelile kwa majina mapya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

(c) Hitimisho. Msururu ni ahadi. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990, akafariki mwaka 2007 kabla ya kuukamilisha. Brandon Sanderson aliumalizia kwa kutumia maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu, na juzuu la 14 likatoka mwaka 2013. Kwa upande mwingine, George R.R. Martin alitoa juzuu la tano la A Song of Ice and Fire mwaka 2011, na hadi mwaka 2024 ulipokwisha juzuu la sita lilikuwa halijatoka. Wapo wanaosema kwamba mwandishi hamdai msomaji ila kitabu alichokinunua. Wapo pia wanaosema kwamba aliyenunua juzuu la kwanza aliuziwa safari nzima. Pande zote mbili zina hoja, na mvutano huo hauwezi kueleweka bila ya kuutazama msururu kama mapatano yasiyoandikwa.

5. Mfano: Dune na Shujaa Aliyewakera Wasomaji

Dune ilichapishwa kwanza kwa sehemu katika jarida la Analog, kisha ikatolewa kama kitabu mwaka 1965 na Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Riwaya hiyo inasimulia habari za Paul Atreides, kijana wa ukoo wa kitawala ambaye baba yake anauawa katika sayari ya jangwa. Paul anakimbilia kwa wenyeji, Wafremen, anakuwa kiongozi wao, analipiza kisasi na kutwaa dola nzima. Mwaka 1966 riwaya hiyo iligawana Tuzo ya Hugo na kazi ya Roger Zelazny. Upeo wa matarajio ukawa umejengwa: huyu ni mkombozi.

Juzuu la pili, Dune Messiah, lilitoka mwaka 1969 na kuubomoa upeo huo. Paul sasa ni mfalme, na vita vitakatifu vilivyopiganwa kwa jina lake vimeua watu bilioni 61. Hana uwezo wa kuvizuia. Mwishoni anapofuka na kuondoka peke yake kuelekea jangwani. John W. Campbell, mhariri wa Analog aliyeichapisha Dune, aliikataa riwaya hii. Ikachapishwa na jarida la Galaxy. Wasomaji wengi walihisi kwamba wamesalitiwa.

Hata hivyo, Herbert alieleza mara kwa mara kwamba tangu mwanzo alinuia kuonya dhidi ya viongozi wenye mvuto. Yeyote anayeirudia Dune baada ya juzuu la pili huiona dalili hiyo: Paul anaziogopa ndoto zake za umwagaji damu tangu mapema, na imani inayomlaki jangwani ilikuwa imepandwa zamani na watu wenye hila. Wasomaji wa mwanzo waliyapita maonyo hayo kwa sababu upeo wao wa shujaa mshindi uliwafumba macho. Kwa hiyo hasira yao haikuwa ujinga. Ilikuwa uthibitisho kwamba riwaya ilifaulu kuwafanyia wasomaji kile ambacho Paul aliwafanyia Wafremen.

Msomaji wa Kiswahili ana lake la kuongeza hapa. Herbert alichota istilahi nyingi kutoka Kiarabu. Msomaji wa Marekani aliyekutana na Mahdi, jihad na Lisan al-Gaib aliyaona kuwa maneno ya sayari ya mbali. Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu, Mahdi na jihadi ni maneno ya nyumbani, na katika Lisan al-Gaib anaisikia ghaibu. Katika Muad'Dib, jina la Paul la jangwani, anaisikia adabu. Ugeni unaomshangaza mwingine kwake ni ujirani. Fauka ya hayo, historia ya ukoloni humfanya aulize mapema swali ambalo wengine hulichelewesha: kwa nini mkombozi wa wenyeji atoke ng'ambo? Msomaji mwenye upeo huo huenda asihisi kusalitiwa na juzuu la pili. Huenda akahisi kwamba limemjibu.

6. Msomaji wa Kiswahili na Safari za Ajabu

Ni kosa kudhani kwamba utanzu huu umeletwa juzi. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, riwaya kuhusu nchi iliyoko angani, ambamo Karama anajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini. Jina lenyewe ni kigezo cha kwanza kilichotajwa hapo juu: jambo lisilokuwapo lakini lenye kusadikika. Katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952 kuna majini, na ndugu waliogeuzwa manyani.

Wala msururu si mgeni. Muhammed Said Abdulla alimtembeza Bwana Msa katika riwaya kadhaa kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Majina kama hilo na Kisima cha Giningi humwahidi msomaji mambo ya mizimu na uchawi, kisha mpelelezi huyavua vazi hilo kwa mantiki. Huo ni mchezo wa makusudi juu ya upeo wa matarajio.

Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ndiyo iliyoukaribia zaidi utanzu wa kisayansi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, lakini anakimudu na kutua katika nchi ya haki iitwayo Walenisi, yaani wale ni sisi. Msomaji anayeipima kwa upeo wa Asimov atalalamika kwamba mitambo ya chombo haikufafanuliwa. Anayeipima kwa upeo wa Kusadikika ataona kwamba chombo ni njia tu, na kwamba linaloshtakiwa ni taifa lililomhukumu Dzombo. Vivyo hivyo, Bina-Adamu! ya K.W. Wamitila (2002) humsafirisha mhusika wake katika mabara ili kuuhoji utandawazi. Anayetafuta mapambano ya panga ataiweka kando. Anayetafuta maana ya safari ataendelea.

Tatizo letu, basi, si uhaba wa mawazo ya ajabu. Ni kwamba maoni ya wasomaji wetu yamefungiwa katika karatasi ya mtihani. Mwanafunzi huulizwa dhamira na maudhui, huyataja akapewa alama, kisha hukifunga kitabu. Haulizwi kama alitamani juzuu la pili, wala ni wapi alipoacha kusadiki. Mwandishi anayesikia ukimya hana ushahidi wowote kwamba safari ya pili inangojewa, na mchapishaji naye pia hana.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wasomaji huipima misururu kwa uaminikaji, ukuaji na hitimisho, na kwamba hukumu yao hufuata upeo wao wa matarajio. Mfano wa Dune unafunza kwamba msomaji anaweza kukosea kuhusu kusudi la mwandishi na bado hasira yake ikawa ushahidi wenye thamani. Herbert hakuwatii waliolalamika. Aliendelea hadi juzuu la sita mwaka 1985. Lakini alikuwa na watu wa kuwakaidi. Mwandishi wa Kiswahili naye anastahili wasomaji wa kiwango hicho, watakaomsifu bila ya kumlevya na kumlaumu baada ya kumsoma, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Maswali ya Mjadala

1. Je, ni haki kumlaumu mwandishi kwa kutokamilisha msururu? Fafanua kwa kurejelea mifano miwili.
2. Linganisha safari ya Dzombo na safari za wajumbe wa Kusadikika. Ni kanuni zipi zinazozifanya zisadikike?
3. Chagua riwaya moja ya Kiswahili yenye safari ya ajabu. Eleza mahali ambapo upeo wako wa matarajio ulivunjwa, na kama kuvunjwa huko kuliijenga au kuliidhoofisha kazi hiyo.