Usukani Unacheza: Nianzie Wapi?

SWALI: Fundi, Fuso langu hubeba ndizi kutoka Mabawe kwenda Benaco. Usukani unacheza, na tairi za mbele zinaliwa upande. Nimeambiwa ninunue kingpini. Ni kweli?
Dereva, Ngara

JIBU: Usinunue kabla ya kupima, ndugu yangu. Barabara ya vumbi na makorongo hula viungo vingi kwa pamoja.

Kwanza, sawazisha upepo wa tairi. Kisha gari likiwa chini, injini inawaka, mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo. Wewe shika kila kichwa cha tairodi na draglinki. Ukisikia kinagonga mkononi kabla gurudumu halijageuka, hicho kimekwisha.

Pili, zima injini, weka vigingi magurudumu ya nyuma, inua ekseli kwa jeki na uikalishe kwenye stendi imara. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tazama beringi. Ukibaki, hapo ndipo kingpini au bushi zake zina kesi ya kujibu.

Tatu, kagua springi: jani lililovunjika, bushi za shakeli, yubolti zilizolegea. Senta bolti ikikatika, ekseli husogea na gari hutembea upande.

Ukibadilisha tairodi, funga kotapini mpya na upime alaimenti. Kingpini ipigwe grisi ekseli ikiwa imeinuliwa, ipenye kote. Mchezo ukiwa mkubwa, usipakie mzigo.