Umejifungua na Nguvu Hazirudi? Ijue Tezi Pituitari

Mama amejifungua, miezi mitatu imepita. Kichwa kinamgonga kila siku, akisimama anaona giza, chakula hakipiti, maziwa yamekatika mapema. Amepimwa malaria mara mbili, amemeza vidonge vya kuongeza damu, hali ni ile ile. Mara nyingi chanzo huwa malaria, upungufu wa damu au presha, na hayo ndiyo ya kupima kwanza. Yakishapimwa na jibu likakosekana, iulizie tezi pituitari.

Tezi hii iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, na ukubwa wake ni kama punje ya dengu. Hutoa homoni, yaani kemikali zinazosafiri kwenye damu na kuamrisha viungo vingine: matiti, ovari, tezi ya shingo na tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hizo za juu ya figo hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari mwili unapopata homa, jeraha au upasuaji. Kotisoli ikikosekana, hata kuhara kwa siku mbili kunaweza kuua.

Wakati mwingine kinga ya mwili huishambulia pituitari ikavimba. Si kansa, na ugonjwa huu wa kinga hauambukizi. Ni wa nadra. Huwapata zaidi wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, ingawa wanaume nao hawajasalimika. Kifua kikuu pia kinaweza kuivimbisha. Ugonjwa huu wa kinga ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 huko Scotland, kwa mwanamke wa miaka 22 aliyekuwa amejifungua. Alipasuliwa kidole tumbo, akafariki saa chache baadaye; uchunguzi wa maiti ukakuta pituitari imeharibika na tezi za juu ya figo zimesinyaa. Upo pia ugonjwa unaofanana nao: mama akitokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi inaweza kufa kwa kukosa damu. Kwa hiyo mweleze daktari uzazi wako ulivyokwenda, hata kama hajauliza.

Dalili nyingine za kutaja ni kutoona vizuri vitu vya pembeni, kusikia baridi kuliko wenzako, nywele za kwapani kupukutika, hedhi kutorudi hata baada ya kuacha kunyonyesha, na kiu isiyokatika yenye mkojo mwingi ilhali sukari ni ya kawaida. Macho yakififia ghafla au mtu akizimia, usisubiri siku ya kliniki.

Ukiwa Simiyu, anzia zahanati au kituo cha afya, uchukue barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Somanda au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, Nyaumata, zote za Bariadi. Bila barua, bima inaweza kukukwamisha dirishani. Omba kupimwa kotisoli, na damu itolewe kama saa 2 asubuhi, kwa kuwa homoni hii hupanda asubuhi na kushuka jioni. Ukitoka Meatu au Itilima, ni heri ulale Bariadi. Kwa tezi ya shingo, kipimo cha TSH peke yake hudanganya hapa. Kinaweza kusoma kawaida wakati mgonjwa anaumwa. Omba na T4, homoni ya tezi hiyo yenyewe. Kama unapaka mkorogo au unameza vidonge vya kunenepa, sema bila aibu: vingi vina dawa zinazozima kotisoli.

Picha inayoionyesha vizuri tezi hii ni MRI, mashine ya sumaku isiyotumia mionzi. Utapelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Lamadi. Piga simu kwanza kujua kama mashine inafanya kazi. Anayelipa taslimu hutoa laki kadhaa. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ilikuwa ikiishia hospitali ya mkoa, kwa hiyo usiitegemee Bugando. Asiye na uwezo abebe barua ya mtendaji wa kijiji, aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini hapo. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Kotisoli ikiwa chini sana, dawa huanza hata kabla ya picha: haidrokotisoni au prednisoloni, ambayo ni ya bei nafuu. Ya tezi ya shingo hufuata. Ikitangulia inaweza kumwangusha mgonjwa. Dozi kubwa za kutuliza uvimbe hutolewa kichwa kikizidi au macho yakitishiwa, baada ya kuangalia kifua kikuu. Wachache huhitaji upasuaji, ambao hufanyika Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili, Dar es Salaam.

Dawa ya kotisoli usiikatize ghafla, hata ukijisikia mzima. Ukipata homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyokuelekeza. Ukitapika, nenda kituoni ukachomwe sindano. Andika kadi utembee nayo: “Nina ugonjwa wa tezi pituitari. Nikizidiwa, nichomwe haidrokotisoni 100 mg mara moja.” Mimba nyingine inawezekana, lakini onana na daktari kabla, na ujifungulie hospitalini. Ukifika tu, mpe mkunga kadi hiyo, kwa sababu uchungu wa uzazi nao unadai dozi ya nyongeza.