Sampuli za Kingamyambo kwa Hadubini ya Ncha: Mwongozo kwa Wachukua Sampuli na Maabara

Mwongozo huu ni wa wanaochukua sampuli katika mabaki ya madini ya Kingamyambo na Mto Musonoi, Kolwezi, na wanaozipokea maabara. Makadirio ya mradi yalihesabu hapo takriban tani milioni 113, zenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Kampuni ya Metalkol ilianza kuchakata mabaki hayo mwaka 2018.

Sehemu kubwa ya kobalti hii imo katika madini ya heterojeniti. Asidi ya salfuriki peke yake huiyeyusha kwa shida. Uyeyushaji wake unahitaji kemikali inayotoa elektroni, kama vile salfa dioksidi. Kwa kuwa uyeyushaji huanzia kwenye uso wa punje, uso huo ndio tunaotaka kuuona.

Hadubini ya kwanza ya ncha, waliyoibuni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer karibu na Zürich mwaka 1981, hutaka sampuli inayopitisha umeme. Malakiti, madini ya shaba, haipitishi. Tumieni hadubini ya nguvu za atomi, ya mwaka 1986: ncha kali iliyo kwenye mkono mdogo hupita juu ya uso, na leza husoma jinsi mkono unavyopinda. Hufanya kazi hata ndani ya kimiminika. Mwaka 2009, Leo Gross na wenzake walionyesha viungo vya atomi ndani ya molekuli moja ya pentasini, lakini kwenye baridi kali na ombwe. Punje chafu ya Kingamyambo haitatoa picha ya namna hiyo, na asiwepo wa kuwaahidi wakubwa.

Vaeni barakoa, kwa sababu vumbi la kobalti hudhuru mapafu. Chukueni kwa kijiko safi na glavu. Msioshe, msisage, msikaushe kwenye tanuri: kila tendo kati ya hayo hubadilisha uso kabla ncha haijaufikia. Sampuli ibaki na unyevu wake katika chupa iliyofungwa vizuri, yenye lebo ya mahali, kina, tarehe na saa.

Gaweni kila sampuli sehemu mbili, nusu moja iende kwenye upimaji wa kawaida wa kemia. Kwa kawaida ncha hutazama eneo lisilozidi sehemu ya kumi ya milimita, na hapo punje moja haiwezi kusemea lundo zima. Tazameni punje nyingi, kutoka vina mbalimbali.

Msimamizi asiidhinishe picha yoyote kuwa ushahidi wa hali ya mabaki mpaka majibu ya kemia yawe kando yake.