Simujanja Mikononi mwa Mdadisi: Yapi ya Kugusa na Yapi ya Kuacha

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa yuko kijana ambaye ndugu na majirani humpelekea simu zao kabla ya kumfikiria fundi. Hakusomea ufundi wala hana kibanda sokoni. Anapenda tu kujua. Hufungua mipangilio yote, hujaribu kila programu, na simu iliyokufa huiona kama fumbo la kufumbua. Udadisi huo ni mali kwa jamii, ila hugeuka hasara pale mkono unapotangulia maarifa.

Chukua mfano wa kijana wa namna hiyo mjini Mafinga. Mama yake, mkulima wa mahindi na viazi, analalamika kuwa simu yake imekuwa nzito na haipokei picha. Anamkabidhi kwa sharti moja: “Mwanangu, itengeneze, lakini hela zangu zisipotee.” Ndani ya simu hiyo mna majina ya wanunuzi, picha za wajukuu, ujumbe unaohusu usajili wa pembejeo za ruzuku na kumbukumbu za malipo ya ushuru. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, kijana huyo ana masomo manne ya kuzingatia.

Somo la kwanza: kuisoma simu kabla ya kuifungua

Kila simu ina namba yake ya utambulisho iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Huonekana kwenye kioo mara mtu abonyezapo *#06#. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Tarakimu 8 za kwanza hutambulisha aina ya simu, 6 zinazofuata hutambulisha simu yenyewe, na ya mwisho ni tarakimu ya uhakiki, ambayo mdadisi anaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Njia yake ni hii. Andika tarakimu 14 za kwanza. Kuanzia kushoto, zidisha kwa 2 kila tarakimu iliyo katika nafasi ya 2, ya 4, ya 6, na kuendelea hivyo. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe ziwe moja: 18 huwa 1 na 8, yaani 9. Kisha jumlisha zote, zilizozidishwa na zisizozidishwa. Kiasi kinachopungua ili jumla ifike kwenye kumi kamili inayofuata ndicho tarakimu ya 15. Jumla ikiwa tayari ni kumi kamili, tarakimu hiyo ni 0.

Kwa mfano, katika namba 49015420323751, tarakimu zisizozidishwa zina jumla ya 22, na zilizozidishwa zina jumla ya 30. Jumla kuu ni 52. Ili kufika 60 zinahitajika 8. Basi namba kamili ni 490154203237518.

Namba isiyotimiza hesabu hiyo ina kasoro. Hata hivyo, namba inayoitimiza bado si ushahidi kuwa simu ni halisi, kwa kuwa mghushi naye anaweza kunakili namba ya simu nyingine. Uhakiki hupatikana kwa kutuma namba ya IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Umuhimu wa hatua hiyo ulidhihirika tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini. Aliyehakiki kabla ya kununua aliokoa fedha zake, na asiyehakiki alibaki na kifaa kisichoweza kupiga.

Somo la pili: mlima, mawimbi na betri

Wakazi wa nyanda za juu wanafahamu kuwa hatua chache kutoka bondeni kwenda mgongoni mwa kilima hubadili kabisa usikivu wa simu. Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo huonyesha hali hiyo kwa kukisia tu. Kipimo halisi kimo katika mipangilio ya simu nyingi, sehemu ya “kuhusu simu”, kwenye hali ya laini. Huandikwa kwa namba hasi, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu zaidi: hasi 80 ni bora kuliko hasi 110. Tofauti ya 10 ni nguvu mara 10; kwa hiyo kati ya vipimo hivyo viwili pana tofauti ya mara 1,000. Ulinganisho uwe wa mtandao mmoja na wa aina moja, yaani 3G kwa 3G, au 4G kwa 4G.

Hapo ndipo siri ya betri inapojificha. Simu iliyo mahali penye mawimbi hafifu huongeza nguvu ya kurusha ili ifikie mnara, na pale mtandao unapokatika huutafuta tena na tena. Betri inayodumu siku nzima mjini inaweza kuisha mchana kijijini, ilhali haina ubovu wowote. Mdadisi aliyepima kwanza hatamshauri mama yake anunue betri mpya. Atamwonyesha ni dirisha gani la nyumba lenye mawimbi mazuri, na atamfundisha kuzima data asipoihitaji.

Baridi ya Juni na Julai nayo hupunguza kwa muda uwezo wa betri kutoa umeme, na simu ikipata joto la kawaida hurejea katika hali yake. Joto kali ni jambo jingine, kwani huizeesha betri moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, simu inayochajiwa kwa umeme wa jua iwekwe kivulini. Paneli ndiyo ikae juani. Betri iliyovimba isitobolewe, isibonyezwe, wala isichajiwe tena.

Somo la tatu: nakala kwanza, kufuta baadaye

Mara nyingi simu huwa nzito kwa sababu hifadhi yake imejaa. Tiba ya kwanza ni kuondoa video zilizopokelewa kwenye makundi na programu zisizotumika. Wadadisi wengi hurukia tiba ya mwisho, yaani kuirejesha simu katika hali ya kiwandani. Tendo hilo hufuta kila kilichomo kwenye hifadhi ya simu, na dakika chache zinatosha kupoteza kumbukumbu za miaka.

Kabla ya kufanya hivyo, majina yahifadhiwe kwenye akaunti au kwenye laini, picha zihamishiwe kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, na ujumbe muhimu, zikiwamo namba za kumbukumbu za malipo ya Serikali, unakiliwe daftarini. Muhimu zaidi ni kuhakikisha kuwa mwenye simu anaijua akaunti yake na nywila yake. Simu nyingi za Android za tangu mwaka 2015 zina kinga dhidi ya wizi: zikifutwa kwa vitufe vya nje, hudai akaunti iliyokuwamo awali. Pale akaunti ilipofunguliwa na muuza duka na nywila kusahauliwa, mwenye mali hufungiwa nje ya simu aliyoinunua kwa jasho lake.

Kuhusu hofu ya mama, fedha za simu hazikai ndani ya kifaa. Ziko kwenye akaunti iliyo kwa mtoa huduma, iliyofungamanishwa na laini. Kufuta simu hakuzigusi. Kinachoziweka hatarini ni kumpa mtu mwingine laini pamoja na namba ya siri, hata kama mtu huyo ni mwana au fundi anayeaminika. Kwa hiyo laini itolewe kabla ya matengenezo na ibaki kwa mwenyewe.

Somo la nne: kubadili mfumo endeshi

Android, mfumo endeshi unaosimamiwa na kampuni ya Google, umejengwa juu ya kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya msimbo wake iko wazi kwa yeyote kuusoma. Uwazi huo umewawezesha wapenzi wa teknolojia duniani kutengeneza matoleo yao. LineageOS, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, imezipa uhai simu zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake.

Hata hivyo, kuflashi simu kuna gharama. Kufungua kufuli la mfumo hufuta data zote. Faili lisilolingana na toleo halisi la simu, au umeme kukatika katikati ya kazi, kunaweza kuifanya isiwake tena. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa kufuli. Ushauri ni mmoja: majaribio yafanyiwe simu ya ziada, kamwe yasifanyiwe simu ambayo familia inaitegemea.

Simu hiyo ya ziada inaweza kupata kazi yenye manufaa shambani. Programu ya Nuru, iliyotokana na ushirikiano wa mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na wadau wakiwamo IITA na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), hutumia kamera kutambua dalili za magonjwa ya muhogo na mashambulizi ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Inaweza kufanya utambuzi huo bila intaneti na inaongea Kiswahili. Majibu yake ni mwanzo wa mazungumzo na ofisa ugani, ambaye ndiye mwenye kuthibitisha.

Mipaka ya sheria

Mwenye simu ana haki ya kubadili kioo, betri na programu zake. Hana ruhusa ya kubadili namba ya IMEI. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalikataza hilo. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Anayeletewa simu ya jirani akumbuke pia kuwa picha na ujumbe uliomo ni siri ya mwenyewe, na kwamba taifa lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Zoezi la wiki hii

1. Bonyeza *#06#, andika IMEI daftarini, kokotoa tarakimu ya mwisho, kisha hakiki kupitia 15090.
2. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Usiyoitambua, itolee taarifa kwa mtoa huduma.
3. Pima mawimbi mahali patatu nyumbani na ulinganishe.
4. Hakikisha unaijua akaunti ya simu yako na nywila yake.
5. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Usiujibu.

Kijana wa Mafinga akifuata masomo haya, huenda asifungue hata parafujo moja. Ataondoa video zilizojaza hifadhi, atanakili majina, atapima mawimbi, kisha atamrudishia mama simu nyepesi yenye kila kilichokuwa na thamani ndani yake. Laini itakuwa imebaki muda wote kwenye kibindo cha mama, na namba ya siri kifuani mwake.