Dawa Inayokaa Ndani ya Uzi

Chandarua cha kuchovya katika dawa ya kuua mbu kilikuwa na udhaifu mmoja: dawa ilikaa juu ya uzi. Ukikifua mara kadhaa, dawa imekwenda na maji, na kila baada ya miezi 6 hadi 12 ilibidi kichovywe upya. Je, dawa yaweza kukaa ndani ya uzi na kutoka yenyewe kila inapopungua juu?

Tuanze na uzi. Polietilini ni plastiki ya minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni. Inapopoa, baadhi ya minyororo hujipanga na kubanana hata molekuli ngeni isipate pa kupenya. Mingine hubaki imevurugika, na humo mna nafasi. Dawa hukaa katika nafasi hizo, wala haitulii, kwani joto la kawaida latosha kuitikisa na kuihamisha kila molekuli, huku na huko, bila mwelekeo. Ila penye molekuli nyingi huondoka nyingi, na penye chache huondoka chache. Kwa hiyo, ingawa hakuna kinachozisukuma, jumla yake husogea kuelekea palipopungua. Ukifua chandarua, uso wa uzi hupungukiwa dawa, na ya ndani hutoka kidogo kidogo kuujazia.

Dawa yenyewe ni permetrini. Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, waliitangaza mwaka 1973. Walianzia kwenye sumu ya maua ya pareto, yale yale yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Sumu hiyo ya asili huharibiwa upesi na mwanga, basi wakabadili sehemu za molekuli yake hadi ikastahimili.

Kiwanda nacho kilikuwa na sharti lake. Uzi hupatikana kwa kuyeyusha plastiki na kuikamua kupitia matundu madogo, kama tambi, na dawa isiyohimili joto hilo ingeharibika. Permetrini inalihimili. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani iliichanganya na polietilini kwa asilimia 2 ya uzito, kikapatikana chandarua cha Olyset, ambacho mwaka 2003 kilianza kutengenezwa pia Arusha, na kiwanda cha A to Z. Piga hesabu: mita 9,000 za uzi wenye uzito wa gramu 150 zina gramu 3 tu za dawa.

Ndiyo maana namsihi kijana anayetaka kazi ya nguo za kisasa asome kemia na fizikia ya plastiki kabla ya kuzipenda mashine. Kazi bado ipo, kwani mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa hii. Jibu mojawapo, lililojaribiwa Muleba mkoani Kagera, ni kuongeza kemikali ya pili inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu huvitumia kuivunja dawa. Lakini kemikali mbili katika uzi mmoja si lazima zitoke kwa mwendo mmoja. Anayeshughulikia hilo hukata vipande vya vyandarua vilivyotumika majumbani, akapima dawa iliyosalia, akawagusisha mbu kwa dakika 3, kisha akahesabu waliokufa baada ya saa 24. Hesabu hiyo huirudisha kwa wanaoyeyusha plastiki.