Vipuri vya Breki za Pikipiki ya Zamani

Breki si mambo ya kubahatisha. Tuchukue mfano wa Honda Gold Wing GL1000, pikipiki ya safari ndefu iliyoanza kuuzwa mwaka 1975. Ina diski mbili mbele na moja nyuma. Ukitafuta vipuri vyake, fanya hivi:

1. Andika namba ya fremu.

2. Nenda dukani na pedi ya zamani. Linganisha umbo na unene wa bati lake.

3. Pedi mpya isipoingia, usiichonge. Hiyo si yake.

4. Raba za pistoni huzeeka hata zikiwa dukani. Zikipasuka, mafuta ya breki huvuja na pikipiki haisimami. Raba iliyokakamaa usinunue, hata iwe bei poa.

Swali: Kwa nini raba ambayo haijatumika yaweza kuleta ajali?